Pumzi ya Jirani

Mvua ya Tukuyu inapopiga bati usiku, kila mpangaji anabaki peke yake. Nyumba ninayokaa Bulyaga ina vyumba sita vinavyotazamana, vitatu huku na vitatu kule, na katikati uwanja mdogo wa saruji wenye bomba moja na kamba mbili za kuanikia nguo, choo kikiwa mwishoni. Mvua ikishika, sisikii kitu kingine. Kisha inakata ghafla, kama ilivyo tabia yake huku mlimani, na majirani zangu wanarudi mmoja mmoja katika ule ukimya: kikohozi cha mzee wa chumba cha mbele, redio ya dereva anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi abiria wa Uyole, mwiko unaokwangua ukoko, mtoto anayekariri hesabu za kuzidisha na kukwama palepale kwenye saba mara nane. Kati yangu na mtoto huyo pana unene wa tofali moja. Kwa miaka kadhaa nimejua anapokwama, anapougua, anapochapwa, na bado kuna siku najiuliza: huyu ni jirani yangu, au ni mtu tu ninayemsikia?

Mji wetu haukuanza kwa kubanana. Wajerumani walipoufanya makao yao ya utawala waliuita Neu Langenburg, wakachagua kilima chenye baridi, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mlima Rungwe ukiwa kaskazini kwa kimo cha karibu mita 2,960, na upande wa kusini nchi ikiteremka taratibu hadi Kyela na Ziwa Nyasa. Boma lilitaka nafasi ya kuona mbali. Waliokuja baadaye, makarani, mafundi, walimu na wachuuzi wa ndizi, walitaka kuwa karibu na barabara, na barabara kubwa ni moja tu, ile itokayo Uyole kwenda Kasumulu mpakani. Kilima nacho hakiongezeki. Huku kuna bonde, kule kuna chai ya mtu, na pale kuna migomba ambayo hakuna mwenye akili atakayeifyeka apate kiwanja, maana udongo huu wa volkano na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka vinawalisha hata watu wa Dar es Salaam. Basi nyumba zikasogeleana. Ukipita vichochoro vya Bulyaga, Msasani au Bagamoyo (nasi tuna Bagamoyo yetu huku juu, mbali na bahari), unainama chini ya shuka la mtu na kuruka maji ya kufulia ya mtu mwingine, na adabu inakutaka useme hodi hata mahali pasipo na mlango.

Ila watu wa Rungwe walijua kukaa karibu kabla mji haujakuwapo, na walijua kwa namna ambayo kila nikiifikiria naona kwamba sisi tuliorithi nchi yao hatukurithi elimu yao. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki kijiji kilikuwa ukoo: babu, wanawe, wajukuu, wote wamezunguka shina moja. Wanyakyusa wa Rungwe walijenga kwa rika. Mtoto wa kiume akifikia miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala kwa wazazi. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao vidogo pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakalala huko, wakachunga ng'ombe wa baba zao kutokea huko, wakagombana na kupatana hukohuko. Walipooa, wake zao waliletwa pale. Kijiji cha watoto kikawa kijiji cha vijana, kisha cha watu wazima, na waliokijenga wakazeeka pamoja ndani yake. Katika miaka ya utoto chakula kilikuwa bado kwa mama, lakini mtoto hakwenda kula peke yake. Kundi zima lilikwenda leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na mwanamke aliyebandika chungu alijua kabisa kwamba midomo itakayokuja ni mingi kuliko aliyoizaa.

Sababu moja waliyoitoa ilikuwa heshima. Mkamwana na baba mkwe wake hawakupaswa kukutana. Mwanamke aliyemwona mkwewe njiani alijificha au alijiinamia. Heshima kali namna hiyo haiwezekani katika uwanja mmoja, kwa hiyo vizazi vikatenganishwa kwa umbali wa kijiji. Lakini palikuwa na sababu nyingine, na hiyo ndiyo inayonigusa zaidi. Wazee waliamini kwamba kukaa na wenzako ni jambo jema kwa lenyewe, jema kama mavuno. Walikuwa na neno lake: ukwangala. Ni kule kuketi na watu wa umri wako, kula sahani moja, kunywa pombe ya ulezi, kuzungumza kwa raha, kutaniana, kubishana bila mkubwa wa kukunyamazisha. Walisema humo ndimo mtu anamopata akili na adabu. Mtoto akiwa na baba yake anajifunza kutii. Akiwa na wenzake anajifunza kusema na kusikiliza. Sijui lugha nyingine iliyoyapa maongezi ya majirani cheo kikubwa kiasi hicho, na nakiri kwamba Kiswahili chenyewe, pamoja na utajiri wake wote wa soga, gumzo na barazani, hakijanipa neno moja linalobeba vyote hivyo.

Msafiri Mskoti Joseph Thomson, aliyepita nchi hii mwaka 1879 akishukia ziwani, alistaajabia migomba iliyotunzwa na usafi wa makazi, akaona kama ameingia nchi ya ndotoni. Alipita tu, naye mpita njia huona uwanja uliofagiwa asimwone aliyefagia. Waliokaa wakasikiliza ni Godfrey na Monica Wilson, mume na mke, katika miaka ya 1934 hadi 1938, wakisaidiwa na karani Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo. Godfrey alifariki mwaka 1944 akiwa bado kijana, na Monica akabaki na madaftari yao. Mwaka 1951 akatoa kitabu juu ya vijiji vya marika, akakipa jina linalokaribia sana maana ya ukwangala: Good Company. Jina hilo nalipenda. Angeweza kuchagua la ardhi, la utawala au la mila za kutisha ambazo wasomaji wa Ulaya wa wakati ule walizizoea. Alichagua raha ya kukaa pamoja.

Monica alikuwa amesoma Cambridge, mji wa kale wa Uingereza ambao mitaa yake ya watu wa kawaida, kama ile ya Oxford, imejaa nyumba nyembamba za matofali zilizoungana ukuta kwa ukuta, safu nzima ikiwa kama nyumba moja ndefu yenye milango mingi. Oxford kuna mtaa unaoitwa Jericho uliokua namna hiyo katika karne ya 19, pale ambapo kiwanda cha uchapaji cha chuo kikuu kilihamia na wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Watu wa huko wamekaa muda mrefu wakisikiana kupitia ukuta, na mwaka 1996 Bunge lao likatunga sheria inayohusu ukuta huo: ukitaka kuuchimba, kuuinua au kuubomoa, lazima umjulishe jirani kwa maandishi kabla ya kuanza. Sheria hiyo naiheshimu. Imetambua kwamba kuna vitu ambavyo havina mwenyewe mmoja, kwamba kuna ukuta ambao ni wangu kwa upande huu na wako kwa upande ule, na kwamba nikigonga msumari kwangu picha inatikisika kwako. Hata hivyo sheria inajua ukuta peke yake. Haiwezi kumwambia mtu afanye nini akisikia upande wa pili mtu analia.

Katika vijiji vya Rungwe nyumba zilikuwa za mianzi na udongo, na jambo la kumsikia jirani lilikuwa na uzito wa kutisha. Waliamini katika kitu ambacho kwa Kiswahili tungekiita pumzi ya watu. Mtu akikosa heshima kwa wakubwa, akila nyama kwa siri, akikwepa wajibu wake msibani, majirani walinung'unika. Manung'uniko yale, hata yakisemwa kwa sauti ya chini kando ya moto, yaliaminika kuwa na baridi, nayo ikimwingia mkosaji alipata homa au alilegea viungo. Hakuponywa mpaka aungame, alete chakula, wale pamoja. Nimewahi kumwuliza mzee wa chumba cha mbele kama aliyasikia mambo haya utotoni. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, hata sasa. Watu wakikusema, hulali."

Hapo ndipo sifa zangu kwa vijiji vile zinapoishiwa nguvu, na sitaki kuzilazimisha. Raha ya wengi ilikuwa na gharama, na gharama ililipwa na mtu mmojammoja. Aliyependa kula peke yake alishukiwa uchawi. Aliyepata ng'ombe wengi kuliko wenzake alishukiwa pia. Mtuhumiwa aliweza kulazimika kuhama, kuacha migomba yake na kwenda kuomba nafasi kwa watu wengine. Na wanawake? Ukwangala ulikuwa hasa wa wanaume. Msichana hakuwa na kijiji cha rika lake. Alitolewa kwa wazazi, mara nyingi angali mdogo sana, akapelekwa kwenye kijiji cha rika la mumewe, kati ya wageni, akiwa na mkwe wa kumkwepa na pengine wake wenza wa kuwazoea. Ugali na ndizi zilizoliwa katika maongezi yale matamu zilipikwa na watu ambao hawakuketi kuyasikiliza. Je, tunaweza kuusifu ukarimu wa mwenye nyumba bila kuuliza ni nani aliyekuwa jikoni?

Lakini vilevile siwezi kuyatupa yote. Kuna sherehe moja, ubusoka, iliyofanyika mara moja tu kwa kizazi, wakati rika la baba lilipokabidhi nchi kwa rika la wana. Machifu vijana walitokezwa hadharani, wakuu wa vijiji vipya wakatajwa, mipaka ikapangwa upya. Moto wote wa zamani ulizimwa majumbani, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, na kila nyumba ikauchukua huo. Fikiria wazee walio hai, wenye nguvu bado, wanasogea pembeni ili wanao wasimamie nchi. Fikiria kwamba miongoni mwa mambo waliyopewa vijana hao ni moto wa kugawana.

Vijiji vile vilififia bila vita. Kahawa ilipandwa, na mbuni hauhami na rika. Unamfunga mtu mahali pamoja na kumfundisha kusema "changu" na kumwachia mwanawe. Dhahabu ya Lupa, kule Chunya, iliwavuta vijana katika miaka ya kati ya vita vikuu viwili, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ikawavuta mbali zaidi, wakarudi na fedha na mabati. Wamisionari wa Moravian walikuwa wamefika Rungwe tangu mwaka 1891, wakaleta shule, kanisa na mafundisho ya nyumba ya mume mmoja na mke mmoja. Watu wakaongezeka, ardhi haikuongezeka, na kijana aliyetaka kuhama na wenzake akakuta hakuna pa kuhamia. Monica alirudi kwenye habari hizi uzeeni, katika kitabu cha mwaka 1977 juu ya mabadiliko ya vizazi na ya wanaume na wanawake hapa na ng'ambo ya mpaka. Silaumu kahawa. Imesomesha watoto wengi, na mabinti wengi pia, ambao kijiji cha rika kisingewapa nafasi.

Ninalolitazama kwa mashaka ni hili: tumesogeleana tena, karibu kuliko babu zetu walivyowahi kusogeleana, lakini safari hii hakuna aliyetuandaa. Rika lile lilikulia pamoja tangu utoto. Walijua nani ana hasira za haraka, nani mwongo asiye na madhara, nani akikopa halipi. Sisi wa vyumba sita tumekutanishwa na bei ya kodi. Mmoja katoka Busokelo, mmoja Kyela, mmoja Makete, mimi kwingine kabisa. Katika miaka ya 1960 TANU ilipanga nchi nzima kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wao, na ingawa shabaha ilikuwa ya siasa, angalau palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani amelala na njaa. Wajumbe hao wa nyumba kumi bado wapo. Tunawaona barua ikihitaji muhuri au mgeni akitaka kutambulishwa.

Kwa hiyo tunajifunza ujirani kwa vitu vidogo vinavyouma. Kwetu ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita ni moja, vyumba sita, na kila mwisho wa juma tulikuwa tukichanga sawasawa. Mama wa chumba cha tatu ana jokofu anamouzia maziwa ya mtindi na barafu za watoto. Mimi nina taa mbili na simu. Mwaka jana niliona nimeonewa. Nikasema uwanjani, mbele ya watu, kwamba mwenye jokofu alipe ya jokofu. Nilikuwa na haki, na hesabu nilikuwa nimeifanya kwenye karatasi. Hakunijibu. Kuanzia siku ile alichanga mara mbili yangu, akafagia zamu yake na wakati mwingine yangu, na salamu yake ikawa "habari za asubuhi" kwa sauti ileile anayotumia kwa wateja asiowajua. Ndipo nilipoelewa maneno ya mzee. Hakuna aliyenisema, hakuna aliyeninung'unikia, lakini nilipotoka na ndoo kwenda bombani niliisikia ile baridi mgongoni, na hesabu yangu sahihi haikunifunika.

Nilikuwa nimesahau kwamba miezi michache kabla ya hapo, nilipofiwa na mama nami sina ndugu mji huu, mtu wa kwanza kuingia chumbani kwangu alikuwa yeye. Aliingia bila kusema, akaondoa vyombo vichafu, akatandika mkeka. Hata msiba wa mbali una taratibu zake hapa: daftari la michango likapita, sufuria kubwa zikatoka kwa mtu asiyejulikana ni nani, watu wa mtaa ambao sijawahi kuwapa zaidi ya salamu wakaketi uwanjani mpaka usiku. Godfrey Wilson aliandika mwaka 1939 juu ya mazishi ya Wanyakyusa wa zamani, ngoma zake na wingi wa watu waliokuja. Ngoma zimepungua. Kuja hakujapungua. Kati ya yote yaliyokuwa ya vijiji vya marika, naona hilo ndilo lililovuka salama: kwamba mtu asiyekuja kwako msibani hakukosea ratiba, amekwambia jambo. Ila msiba ni siku chache. Nani anatufundisha siku za katikati, zile za LUKU na zamu ya choo na muziki wa saa tano usiku?

Wenye uwezo wamepata jibu lao. Upande wa Kawetele na kwingineko pembeni zinajengwa nyumba nzuri, kila moja na fensi yake na geti lake, vipande vya chupa juu ya ukuta. Sina kinyongo nao. Nikipata kiwanja pengine nami nitajenga ukuta, maana kuna uchovu wa kusikiwa ambao anaujua aliyeusikia. Nimepita huko jioni, ukungu ukishuka kutoka mlimani, nikashangaa kimya chake. Watoto walikuwa kila mmoja nyuma ya geti lake, wakichungulia chini ya bati la mlango, miguu yao tu ikionekana. Mmoja alinisalimia kupitia upenyo. Nikachuchumaa nikamjibu, na kwa muda kidogo tulizungumza hivyo, mimi nikitazama vidole vyake vya miguu.

Watoto wa kwetu, pamoja na matope na kelele, wanakula popote ndizi zinapoiva. Hakuna aliyewapangia. Mtoto wa saba mara nane huingia kwangu kuniuliza maswali ya Kiswahili, kisha huenda kwa mama wa chumba cha tatu kupewa mtindi, na wenzake wanne wakimfuata nyuma, naye mama yule hunyanyua kopo akahesabu vikombe. Wasichana wamo. Nikiwaona wamekaa kwenye kizingiti, wakipishana maneno bila mkubwa kati yao, nabaki kusikiliza kupitia tofali langu, na huwa nashindwa kuendelea na kazi.

Wiki iliyopita umeme ulikatika magharibi, mvua ikiwa imeanza. Nilikuwa nimewasha jiko la mkaa mapema, chai ikichemka. Mlango ukabishwa, hodi ya sauti ya chini. Alikuwa mama wa chumba cha tatu, kitenge kichwani kimelowa, mkononi kipande cha bati.

"Jirani, naomba moto," akasema.

Nikachagua makaa matatu yaliyoshika vizuri nikamwekea. Akayakinga kwa kiganja yasinyeshewe, akavuka uwanja mbiombio akiyapuliza.

"Ndaga," akashukuru alipofika mlangoni kwake, na baada ya kitambo akaongeza kwa sauti ya kupita mvua, "Njoo na kikombe, maziwa hayatalala."